Mswada Ukirudishwa, Kalamu Isiwekwe Chini

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

Juma hili tumeona vyema tuzungumze na wazazi ambao nyumbani mwao mna kijana anayeandika. Pengine ni binti wa sekondari anayetunga mashairi nyuma ya daftari lake la hesabu. Pengine ni ustadhi wa madrasa aliyeandaa kijitabu cha hukumu za tohara kwa ajili ya wanafunzi wake. Siku watakapopeleka kazi zao kwa mhariri, huenda wote wawili wakakutana na jambo ambalo hawakufundishwa namna ya kulipokea, nalo ni kukataliwa. Wengi huishia hapo. Daftari hufungwa, na umma hupoteza kalamu kabla ya kujua kwamba ulikuwa nayo.

Kwanza tufahamu kwamba mhariri hamkatai mtu. Hukataa karatasi iliyo mbele yake, na pengine kwa sababu zisizohusu uzuri wa karatasi hiyo. Gazeti lina kurasa zenye hesabu. Makala ya kuukaribisha mwezi wa Ramadhani ikifika katika Shawwal imechelewa, hata ikiwa na ufasaha wa kupigiwa mfano. Hadithi ya maneno elfu tatu haiingii katika nafasi ya maneno mia nane. Mchapishaji wa vitabu naye hutazama gharama ya karatasi na idadi ya wanunuzi. Mwandishi asiyeyajua haya huichukua barua fupi ya mhariri akaifanya hukumu ya maisha yake yote.

Pili, wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mwandishi anapoirudia kazi yake husoma alichokusudia, wala si alichoandika. Ndiyo maana anahitaji jicho la pili. Mtume (S.A.W.) amemfananisha muumini na kioo cha muumini mwenzake, na kioo hakisifu wala hakitukani. Huonyesha kilichopo, ili aliyetazama ajirekebishe.

Wanazuoni wetu waliijua adabu hii. Inasimuliwa kwamba Imam Bukhari alipomaliza kuikusanya Sahihi yake, kazi iliyomchukua miaka 16, aliwapelekea wakubwa wa elimu ya hadithi wa zama zake waikague, akiwamo Imam Ahmad bin Hanbal. Wakaikubali, isipokuwa hadithi nne walizozitilia maneno. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, aliiandika upya Risala yake alipohamia Misri, na hadi leo vitabu vya fiqhi hutenganisha kauli zake za kale na kauli zake mpya. Mwanafunzi wake, al-Muzani, amepokewa akieleza jinsi kitabu hicho kilivyosomwa mbele ya Imam mara nyingi, na kila mara pakaonekana pa kusahihisha, hata Imam akasema kwamba hakuna kitabu kinachosalimika na kosa isipokuwa Kitabu cha Allah. Ikiwa hao walikaguliwa, kijana wetu ana haja gani ya kuona haya?

Na subira haina budi. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, lakini Utenzi wa Vita vya Uhuru ulichapishwa mwaka 1967, na Utubora Mkulima ikafuata mwaka 1968. Hakuviona vitabu hivyo, lakini sisi tunavisoma. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alifika Uingereza akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 2021. Kati ya miaka hiyo ipo mingi ambayo jina lake halikuwa katika jalada lolote.

Basi jawabu likija, lipokelewe vipi? Likiwa ni kimya, kijana na asubiri mwezi mmoja au miwili, aulize mara moja kwa upole, kisha aipeleke kazi kwingine. Likiwa ni katao lisilo na maelezo, asitafute maana iliyofichika ndani yake. Na aiweke kazi kando kwa siku saba, aisome upya kwa sauti, arekebishe anachokiona, aitume tena. Likiwa ni katao lenye maelezo, hiyo ni zawadi, kwa kuwa mhariri hakulazimika kueleza.

Maelezo hayo nayo yapambanuliwe. Yapo yanayopimika. Akiambiwa kwamba mshororo wa tarbia yake una mizani 15 badala ya 16, au kwamba kina cha kati kimepotea katika ubeti wa tatu, ahesabu kwa vidole. Ikiwa ni kweli, arekebishe bila ubishi. Mhariri akimuuliza ustadhi hadithi aliyoitaja imepokewa na nani, asione amedharauliwa. Kumsingizia Mtume (S.A.W.) neno asilolisema ni dhambi kubwa, na aliyetuzuia tusiingie humo ametuhifadhi. Yapo pia maelezo ya ladha: huyu anapenda ufupi, yule anapenda madoido. Hayo yapimwe tu, na mwandishi ana haki ya kushikilia alichokusudia. Lakini wasomaji wawili wasiojuana wakikwama mahali pamoja, basi mahali hapo pana ila, hata kama kila mmoja ametaja dawa tofauti. Ama maneno ya kejeli, hayo hayana faida, yaachwe yalipo.

Tena, asijibu siku hiyohiyo. Tumefundishwa kwamba aliyeghadhibika na anyamaze. Barua iliyoandikwa kwa hasira huwahi kufika, na mhariri hulikumbuka jina lililo chini yake.

Wazazi wenzetu, hapa ndipo penye kazi yetu. Mzazi anayecheka na kusema, "Nilikwambia uandishi hauna chakula," huvunja kitu ambacho huenda kisiungike tena. Lakini na mzazi anayesema, "Wamekuonea wivu, mwanangu, kazi yako haina kasoro," naye humdhuru, kwa kuwa humfunza kulaumu watu badala ya kurudia kazi. Bora ni mama kukaa na bintiye baada ya chakula cha jioni akamwambia, "Hebu nisomee walichosema." Kisha amuulize, "Wewe unaonaje? Utaanzia wapi?" Maswali hayo mawili humrudishia kijana kalamu mkononi.

Tumkumbushe pia nia yake. Ikiwa aliandika ili jina lake lionekane, kukataliwa kumemnyima alichokitaka. Ikiwa aliandika ili afikishe neno la kheri, neno lile bado lipo, na njia za kulifikisha hazijafungwa. Aifunge kwanza kamba ya ngamia, yaani arekebishe, anakili, atume, kisha amtegemee Mola wake kwa yaliyobaki.

Tunamuomba Allah (S.W.) awajaalie watoto wetu kalamu zenye manufaa, na vifua vipana vya kupokea nasaha. Amin.

Wabillahi tawfiq.