Anayefunza mashine ni mfanyakazi, alindwe

Kijana anaingia zamu jijini Nairobi, anawasha kompyuta, na mbele yake inatokea simulizi ya mtoto anayenajisiwa. Anaisoma hadi mwisho kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa. Anaitia kwenye fungu lake, kisha anafungua nyingine. Waliofanya kazi hiyo chini ya kampuni ya Sama, kwa niaba ya OpenAI, waundaji wa ChatGPT, walieleza kwamba walitakiwa kupitia vifungu 150 hadi 250 katika zamu ya saa tisa. Sama ilisema ni 70. Hata tukichukua hesabu ya kampuni, sabini kwa siku ni vingi mno kwa akili ya binadamu.

Januari 2023, jarida la TIME la Marekani lilifichua kwamba wafanyakazi hao walikuwa wakibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa, ilhali mkataba na OpenAI uliipa Sama dola 12.50 kwa kila saa ya kazi. Vifungu walivyovipanga ndivyo vilivyotumika kuifunza mitambo ya akili unde kutambua lugha chafu na kuizuia. Leo mwanafunzi wa Eldoret anauliza swali na kupata jibu safi. Usafi huo una mtu aliyeulipia.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo kampuni kubwa zilivyouchukulia mzigo huu. Zinamweka wakala katikati, naye ndiye anayetia saini mikataba mifupi na kuwafunga wafanyakazi midomo kwa viapo vya siri. Madhara yakitokea, mwenye kazi anasema hawajui watu hao.

Mahakama za Kenya zimeukataa ujanja huo, na zinastahili pongezi. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa akichuja maudhui ya Facebook jijini Nairobi, aliishtaki Meta, kampuni inayomiliki Facebook, pamoja na Sama mwaka 2022. Meta ilidai kwamba haiwezi kushtakiwa nchini. Februari 2023, Mahakama ya Uajiri na Leba ikaamua kwamba inaweza. Juni mwaka huo, katika kesi nyingine iliyoletwa na wachujaji zaidi ya 180, Jaji Byram Ongaya alisema katika uamuzi wa muda kwamba Meta ndiyo mwajiri mkuu, akaagiza wapewe huduma za afya ya akili. Septemba 2024, Mahakama ya Rufani ikatupilia mbali rufaa za Meta. Miezi mitatu baadaye ikajulikana kwamba zaidi ya 140 kati ya wafanyakazi hao walikuwa wamepimwa na kukutwa na msongo mkali wa baada ya kiwewe.

Sasa tutazame walichokuwa wakifanya wabunge. Wakati majaji wakifungua mlango wa haki, Seneti ilipelekewa Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Biashara wa 2024, ambao ungeikinga kampuni inayotoa kazi kwa wakala isishtakiwe na wafanyakazi wa wakala huyo. Tunasema bila kumumunya maneno: kinga ya namna hiyo ni usaliti. Kifungu cha 41 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki kazini. Hakimtengi anayefanya kazi mbele ya kompyuta.

Watetezi wa mswada huo husema bila kinga hiyo kampuni zitahama. Ni kweli zinahama. Kazi ya Meta iliyotoka Nairobi ilipelekwa Accra, Ghana, na mwaka 2025 wafanyakazi wa huko nao wakajitokeza wakilalamikia madhara yale yale. Kwa hiyo kulegeza sheria hakuokoi ajira, kunahamisha majeraha tu. Dawa ya kuanzia, hata kama haitafika Accra, ni nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kuweka kiwango kimoja cha ulinzi, ili mwajiri asipate pa kukimbilia kati ya Nairobi, Kampala na Kigali.

Serikali ina deni la pekee hapa. Ndiyo iliyowahimiza vijana watafute riziki mtandaoni, ikiwemo kupitia mpango wa Ajira Digital. Hatupingi hilo, maana vijana wanahitaji kazi. Lakini anayemwita mtu kazini hana ruhusa ya kugeuka anapoumia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 tayari inamtaka mwenye mahali pa kazi alinde afya ya kila anayefanya kazi humo. Wakaguzi wa Wizara ya Leba, wanaojua kukagua mashine za kiwandani na vifaa vya kuzimia moto, waingie pia katika kumbi za kazi hii waulize: mtu mmoja anatazama picha za mauaji kwa saa ngapi? Nani anamtibu mkataba ukiisha? Gharama hiyo ibebwe na mwenye kazi, si wakala peke yake, wala si familia ya kijana aliyerudi nyumbani asiyeweza kulala.

Maseneta na wabunge wanajua wafanyakazi hawa wako wapi na wameumia kwa nini. Waikatae kila sheria itakayomkinga mwenye kazi, na waandike ile itakayomwajibisha.