Kiu ya Mtoto Isiyokatika

Ndugu wazazi, mtoto aliyecheza juani akiomba maji, hilo si jambo la kushangaza. Hunywa, kiu hukatika, naye hurudi mchezoni. Homa na kuhara pia huleta kiu, ambayo hupungua mtoto anapopona. Juma hili tunawaomba muiangalie kiu ya namna nyingine, isiyokatika usiku wala mchana, hata siku ya mvua.

Mtoto mwenye kiu hiyo hunywa sana na kukojoa sana. Hata aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Hula vizuri lakini hukonda, na huchoka upesi. Pengine sisimizi hukusanyika mahali alipokojoa. Hizo ni dalili za ugonjwa wa kisukari, ambao huwapata hata watoto wadogo. Mwili umeshindwa kutengeneza insulini ya kutosha, sukari ikajaa katika damu, na mafigo huitoa kwa mkojo pamoja na maji mengi. Basi msimpige kwa kulowesha godoro, wala msimnyime maji. Soda na maji ya matunda msimpe, maana humzidishia sukari.

Hapa Kampala mtoto akilegea na kutapika, fikira zetu hukimbilia malaria. Ni haki apimwe malaria. Lakini mwelezeni daktari habari za kiu na mkojo, mkamwombe apime sukari pia. Tone moja la damu ya kidole latosha, na jibu hupatikana papo hapo. Mama asingoje mume arudi kutoka zamu au mpakani. Ampeleke mtoto siku ile ile kwenye zahanati ya kambi. Akiwa anatapika, anaumwa tumbo, anahema kwa nguvu au analala kupita kawaida, kila saa ina thamani: akimbizwe hospitali kubwa, kama Mulago.

Zamani ugonjwa huu kwa mtoto ulikuwa kifo. Mwezi Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 alidungwa insulini, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwayo. Leo mtoto adungwaye kila siku na kupimwa sukari husoma na kucheza kama wenzake. Sindano hizo zisikatishwe, wala mitishamba isishike nafasi yake.