"Kitatanuka Tu": Maneno Yanayotuharibia Miguu

Ndugu wakulima na wafanyabiashara wa Kasokola, leo siongelei mbolea wala viwavijeshi. Naongelea viatu, na naongea kwa hasira kidogo.

Msimu uliopita nilinunua raba za mtumba mnadani. Mimi navaa namba 43, zilizokuwepo ni 42. Muuzaji akaniambia maneno ambayo kila mmoja wenu ameshaambiwa: "Afisa, chukua tu, kitatanuka." Nikachukua. Nilizunguka mashamba siku tatu. Siku ya nne kucha ya kidole gumba cha mguu ilikuwa nyeusi, na wiki ya palizi ya kwanza, wakati mnaponihitaji zaidi, nilikaa nyumbani mguu ukiwa kwenye beseni. Raba hazikutanuka. Kilichotanuka ni kidole.

Hilo ni langu, nimelilipia. Lakini kuna kubwa zaidi. Nilimkuta mama mmoja anapiga dawa ya magugu akiwa na ndala, gambuti zimening'inia ukutani nyumbani. Nikamkaripia. Akanijibu kwa upole: "Afisa, zile ni namba tisa za baba watoto. Nikizivaa zinabaki kwenye tope, mimi naondoka." Nilinyamaza. Miaka yote nimehubiri gambuti mikutanoni, sijawahi hata siku moja kumuuliza mtu anavaa namba ngapi. Naomba radhi. Kiatu kisichokukaa ni sawa na kutokuwa na kiatu, tofauti ni kwamba umeshakilipia.

Wapo wanaosema: "Wazee wetu walilima peku, na yule Mwethiopia alishinda mbio peku." Kweli, Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 bila viatu. Lakini tusimulie hadithi yote. Viatu alivyojaribu kule havikumkaa vizuri, akaona heri miguu mitupu aliyoizoesha mazoezini. Mwaka 1964 mjini Tokyo alivaa viatu, akashinda tena, na kwa muda mfupi zaidi. Funzo lake si "tembea peku". Funzo ni kwamba bingwa alikataa kiatu kinachobana. Na barabara za Roma hazikuwa na visiki, miiba wala nyoka.

Basi na sisi tukatae. Fanyeni hivi:

1. Nunua jioni, ukiwa umeshatembea. Mguu huvimba kidogo mchana kutwa. Kiatu kinachokutosha asubuhi kinaweza kukubana saa kumi.

2. Jaribu vyote viwili, na soksi utakayovaa. Miguu ya watu wengi hailingani. Fuata ule mkubwa.

3. Simama. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole vichezeke, kisigino kisipande na kushuka unapotembea.

4. Kwa raba za mtumba, ikunje. Ijikunje pale vidole vinapoanzia, si katikati. Ibonyeze soli: ikiwa ngumu kama ubao, imeshakufa. Angalia gundi pembeni. Angalia pia soli ilivyolika: ikiwa imelika upande mmoja, itakulaza upande huo.

5. Ukimwagiza mtu mjini Mpanda, usimtajie namba peke yake. Kanyaga karatasi, chora unyayo wako, ukate, umpe. Kata na kijiti cha urefu wa mguu wako ukiongeza upana wa kidole gumba. Kijiti kisipoingia kiatuni kikalala bila kupinda, arudi bila kiatu.

Na mtoto wa shule? Nafasi ya kidole kimoja inatosha. Mkimnunulia "cha kukulia" kisha mkajaza karatasi mbele, mnampa malengelenge, si akiba.

Sasa nyinyi wafanyabiashara. Najua mtaji ni mdogo. Lakini mnaleta gambuti namba nane, tisa na kumi, halafu mnasema wanawake hawanunui. Watanunuaje? Wao ndio wengi tunaokutana nao kwenye majaruba ya mpunga. Leteni jozi chache za namba ndogo muone. Wekeni kigoda na kipande cha mkeka, mteja akae ajaribu bila kuharakishwa. Na yale maneno, "kitatanuka", yaacheni. Ngozi laini hulegea kidogo kwenye upana, lakini haiongezeki urefu. Gambuti ndiyo kabisa, haitanuki. Mteja uliyemdanganya hatarudi, na mnadani habari husambaa haraka.

Mtaniambia: afisa, fedha iko wapi? Swali la haki. Sisemi mnunue ghali. Raba ya mtumba inayokutosha inaishinda mpya inayobana, na katambuga iliyopimwa mguuni mwako na fundi inaishinda raba ya kuazima. Ninachokataa ni kulipa fedha ya mahindi kwa kitu kitakachoishia ukutani.

La mwisho: mwenye kisukari asisubiri asikie kiatu kinamchubua, kwa sababu mguu wake unaweza usisikie. Akague nyayo kila jioni, na akiona kidonda aende zahanati siku hiyo hiyo.

Tuvumilie mvua ikichelewa, hilo hatuna la kufanya. Kiatu kinachobana tunacho la kufanya: kirudishe mezani, sema asante, ondoka.