Ulipotezea wapi?

Wiki hii tuongee juu ya sataranji. Inafanana kidogo na dama: ubao una vyumba 64, na kila upande una askari wake, farasi wake, malkia wake na mfalme wa kulinda. Siku hizi inachezwa pia kwenye simu, na mtoto wa Baraka anaweza kucheza na mtu wa India akiwa amekaa barazani. Basi tunaulizana: anajifunza kitu, au anamaliza mega bure?

Tutazame kwa majirani. Phiona Mutesi alikulia Katwe, mtaa wa maskini huko Kampala. Alikuwa ameacha masomo, anauza mahindi. Siku moja alimfuata kaka yake hadi kwa Robert Katende, aliyekuwa akifundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Uji ndio uliomvuta. Aliyemwonyesha mchezo mwanzoni alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 aliichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, akashindwa michezo mingi. Mwaka 2012 alirudi, safari hii Istanbul, Uturuki, akapata cheo cha kimataifa cha wachezaji wanawake.

Sisi wazazi tutajuaje kama mtoto anaendelea? Tuangalie anavyocheza. Anayeanza hupenda kumtoa malkia mapema na kushambulia. Akikutana na mgeni mwenzake, anashinda haraka. Akikutana na anayejua, malkia anafukuzwa huku na huku mpaka ananaswa. Anayeendelea anatoa farasi kwanza, anamficha mfalme nyuma ya askari, na anafikiri kabla ya kugusa.

Pointi zisitusumbue sana. Kwenye Lichess, programu ya bure isiyo na matangazo, kila mchezaji mpya anaanzia 1500. Zikishuka siku za kwanza, tusimcheke: mashine inatafuta kiwango chake.

Hata mama asiyejua mchezo anaweza kuuliza swali moja: «Ulipotezea wapi?» Mtoto akilaumu rezo, bado. Akikuonyesha hatua yenyewe, na kusema angefanya nini badala yake, huyo ameanza kukua. Kesho atajiuliza hivyo hivyo juu ya hesabu, na keshokutwa juu ya pesa za biashara.

Tupatane haya:

- Dakika 30, baada ya masomo na kazi za nyumbani.
- Mega zikiisha, acheze na simu yenyewe. Hiyo haihitaji intaneti.
- Tuwashe hali ya watoto kwenye Lichess, ili mtu asiyejulikana asimwandikie.
- Mchezo wowote wa kuweka pesa, hapana.
- Msichana apate zamu sawa na kaka yake.

Hili la mwisho ndilo zito. Mara nyingi kijana ameshika simu, dada yake yuko kwenye maji au anasafisha ndagala. Halafu tunasema wavulana ndio wenye akili ya michezo. Tugawe kazi kwanza, ndipo tupime akili.

Nyumba isiyo na simu isibaki nyuma. Kipande cha katoni, makaa ya kuchora vyumba na vizibo vya chupa vyenye alama vinatosha. Tuvilete kwenye mkutano ujao wa kikundi, na tuje na mabinti zetu.