Vidoa Machoni kwa Mwenye Kisukari

Mwenye kisukari aonapo vidoa au nyuzi nyeusi zikielea mbele ya macho, asidhani ni vumbi. Vichache vya siku nyingi kwa kawaida ni vivuli vya ute ulio ndani ya jicho, mtu huvizoea. Lakini vikizuka vingi ghafula mfano wa masizi, au ukiona mimweko ya mwanga au giza kama pazia, yamkini mshipa dhaifu unavuja damu jichoni, au utando wa nyuma umebanduka. Usingoje maumivu, kwani mara nyingi hayaji. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kila mwaka daktari akupime macho, hata kama bado walenga shabaha barabara. Dhibiti sukari na shinikizo la damu. Akina mama, wahimizeni waume zenu: nuru ikisha kupotea, ni shida kuirudisha.