Ardhi ya Ifakara itunze nini?

Kwa mkazi wa Viwanja Sitini hapa Ifakara, swali la toleo hili halikwepeki kuanzia Novemba: ubaridi wa kupoza nyumba utoke wapi? Wapo waliouchimbia. Miaka ya 1960, viwanda vya nguo vya Shanghai vilijaza visima maji ya majira ya baridi, kisha vikayavuta kiangazi kupoza karakana. Uwanja wa ndege wa Arlanda, Uswidi, unatunza baridi na joto kwenye tabaka la maji chini ya ardhi tangu 2009. Baridi hupoza majengo kiangazi. Joto la kiangazi huyeyusha barafu penye maegesho ya ndege majira ya baridi.

Natamani kuandika kwamba nasi tuanze kesho. Siwezi. Hifadhi hiyo inategemea misimu inayopishana sana. Mita kumi hivi kwenda chini, ardhi hutulia karibu na wastani wa joto la mwaka mzima wa mahali hapo, na bondeni Kilombero wastani huo ni wa juu. Kipupwe chetu ni cha kuvuta shuka usiku, si cha kujaza ghala. Ukimwaga joto la jengo ardhini mwezi hadi mwezi bila kuirudishia baridi, ardhi nayo hupata moto na mashine ya kupoza hula umeme zaidi. Tena maji yaliyomo humo ndiyo tunayochota kunywa.

Wala hatudai starehe. Nyumba ya bati inapofukuta, watu hukaa barazani hadi usiku, nje ya chandarua, na mbu wameshaanza kuuma. Katika bonde la malaria hilo ni suala la uhai. Kule Magoda, wilayani Muheza, nyumba sita za majaribio zilizojengwa kwa kuta zinazopitisha hewa zilikuwa na ubaridi zaidi, na mbu wachache, kuliko nyumba za kawaida za kijijini. Kwa nyumba za kuishi, basi, fedha zianzie kwenye dari, kivuli, na madirisha mapana yenye wavu.

Ardhi tuifikirie kwa hospitali na maabara, ambako kupoza hakuna likizo. Lakini tupime kwanza. Kila kisima kirefu kinachochimbwa Ifakara kiandikiwe kina chake, wingi wa maji, na joto la maji hayo mwezi kwa mwezi, Januari hadi Desemba. Kipimajoto na kamba vinatosha kuanzia. Wachimbaji, walimu wa sayansi, maofisa wa halmashauri: tuleteeni vipimo hivyo. Tutavichapa vyote, pamoja na vile vitakavyoonyesha kwamba haifai.