STAA KATENGENEZEWA SIMU YA DUBAI BURE, MPAMBA MAHARUSI KAAMBIWA ARUDI MWANZA! HIVI WARANTI NI YA SIMU AU NI YA SURA?

Wadau, kuna picha ilizunguka sana Insta wiki hizi. Mwigizaji mmoja wa Bongo Movie, jina kubwa tu hapa mjini, kasimama mbele ya kaunta ya duka la simu, katabasamu, simu mkononi, vijana wawili wenye fulana za kampuni pembeni yake. Chini kaandika kwamba simu yake ilikuwa na tatizo la chaji, kaileta pale, ndani ya saa moja imepona na hajalipa hata senti. Akamalizia kwa kuwasifia kwamba hao ndio watu wanaojali wateja. Makopakopa kibao, watu wakamwagika kumpongeza.

Sasa kuna kitu hakikuandikwa. Simu ile haikununuliwa pale. Haikununuliwa hata Tanzania. Ni simu ile ile aliyoiposti mwenyewe miezi michache nyuma akiwa Dubai, boksi mkononi, magorofa nyuma yake. Wenye kumbukumbu waliirudisha ile posti ya zamani, wakajibiwa "wivu utawaua".

Wiki hiyo hiyo, kaunta hiyo hiyo, alifika binti mwingine. Huyu hana jina mjini. Kazi yake ni kupamba maharusi, anaishi Mbagala, wateja wake wote anawapata kwa simu. Alikuwa na simu ya kampuni hiyo hiyo, ina miezi minne tangu itoke kwenye boksi. Aliinunua Mwanza alipoenda kwenye harusi ya ndugu yake, kwenye duka lenye bango la kampuni, akapewa risiti ya EFD na kadi ya waranti yenye muhuri. Simu ikaanza kujizima yenyewe. Haijadondoka, haijaingia maji, kioo kisafi kabisa.

Kijana wa kaunta aliiangalia risiti, wala hakuiwasha simu. Akamwambia, "Dada yangu, hii hukununua kwetu. Rudi kwa aliyekuuzia."

Binti akamwonyesha kadi. "Kaka yangu, hapa pameandikwa miezi 12, vituo vyote vya kampuni."

"Hiyo ni karatasi tu dada. Sisi tunahudumia wateja wetu."

Karatasi tu! Kutoka Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000. Mtu apande basi, alale huko, alipe nauli ya kwenda na kurudi, kisa simu iliyonunuliwa kihalali imezima ikiwa ndani ya muda wake. Na kampuni iliyoitengeneza ina mlango wazi hapa hapa mjini, na bango juu, na kiyoyozi ndani.

Kiukweli hapa hakuna cha kupepesa macho. Aliyekuwa na haki kafukuzwa, asiyekuwa na haki kapewa huduma na picha juu. Huo siyo utaratibu, huo ni ubaguzi.

Tuelewane kwanza, maana wengi wanachanganya. Waranti ziko za aina tatu. Ya kwanza ni ya kampuni iliyotengeneza kitu. Hiyo inatembea na kifaa chenyewe, inasomwa kwa namba zake, na kila kituo kilichopewa kazi na kampuni ndani ya eneo lililoandikwa kwenye kadi kinatakiwa kuipokea. Ya pili ni ya duka. Mwenye duka anakuahidi yeye mwenyewe, labda mwezi mmoja, labda mitatu, na hiyo kweli inaishia kwake. Ya tatu ndiyo imejaa Kariakoo: ya mdomo. "Chukua tu bosi, ikisumbua nirudishie." Ukirudi unakuta kijana mwingine kabisa, na yule wa kwanza eti kaenda Tunduma.

Binti wa Mbagala alikuwa na aina ya kwanza. Kijana wa kaunta akaihukumu kama aina ya pili. Kosa liko hapo, na halikuwa kosa la kutojua, maana kama wangekuwa wanahudumia "wateja wao" tu, yule mwigizaji alipita mlango upi?

Na simu yake ndiyo ilikuwa na mashaka zaidi. Makampuni mengi ya simu yanaweka waranti kwa nchi au kwa ukanda. Ukinunua Uarabuni, ukija nayo huku kituo kina haki ya kukwambia hii haipo kwenye eneo letu. Siyo roho mbaya, imeandikwa kwenye vile vikaratasi ambavyo kila mtu anavitupa na boksi. Kwa hiyo kama kuna mtu angeambiwa "hukununua huku" na ikawa halali, ni yeye.

Haya, wenye duka nao wana utetezi wao. Tuupitie mmoja mmoja.

Wa kwanza: "Faida ya kuuza kapata mwingine, kwa nini gharama ya kutengeneza ibebe sisi?" Inasikika vizuri, lakini haisimami. Kituo rasmi hakitengenezi simu ya waranti kwa hisani. Kwa kawaida kampuni ndiyo inayotoa vipuri na kulipia kazi ya fundi, kwa mkataba wao. Hapo hakuna mtoto wa mwenzio unayelelewa bure. Ni kazi umeajiriwa kuifanya, na ile stika ya "wakala rasmi" mlangoni ndiyo sare yako. Kama malipo ya kampuni yanachelewa au ni madogo, hayo ni mazungumzo yako na kampuni. Binti wa watu hakuwepo mkisaini.

Wa pili: "Simu feki ni nyingi, na za wizi ni nyingi." Hii ni kweli. Mwaka 2016 TCRA walizima simu feki nchi nzima, watu wanakumbuka walivyobaki na matofali mifukoni. Lakini kuanzia hapo kila mtu mjini anajua kubonyeza *#06# apate IMEI, na kuituma 15090 aone kama simu yake ni halisi. Kama mwananchi wa kawaida anaweza kuhakiki akiwa kwenye daladala, kituo rasmi chenye kompyuta kinashindwa nini? Ingiza namba, angalia, jibu. Yule kijana hakuingiza namba yoyote. Alisoma neno "Mwanza" kwenye risiti, basi.

Wa tatu ndio wenye uzito kidogo: "Kuna maduka yanauza kwa bei ya chini kwa sababu hayana fundi, hayana vipuri, hayana chochote. Wateja wanakimbilia huko, kikiharibika wanakuja kutulilia sisi." Sawa, inauma. Mtu analipa pango kubwa na mafundi, jirani anauzia mezani na kusepa. Lakini duka la Mwanza lilikuwa na bango la kampuni ile ile. Siyo meza, siyo begi. Na hata kama mawakala wenyewe kwa wenyewe wana ugomvi wa bei, mteja siyo uwanja wa kupigania. Mafahali wawili wakipigana, tunajua ziumiazo ni nyasi.

Turudi kwa dada staa. Hakuna anayemwonea gere kwa kutengenezewa simu. Angekuwa kaandika "wamenisaidia kwa vile wananijua, asanteni", mjadala ungeisha. Umaarufu una faida zake, kila mtu anajua. Tatizo ni kuwaambia mashabiki kwamba duka linajali wateja, wakati yeye hakuwa mteja. Alikuwa tangazo. Mashabiki wake ndio hao hao wanaobeba simu zao kesho kwenda kaunta ile wakiamini maneno yake, wanarudishwa kama kuku wagonjwa.

Na baya zaidi ni kilichofuata. Binti wa Mbagala alijikaza akaandika kisa chake chini ya ile picha, kwa adabu kabisa, hajatukana mtu. Timu ya staa ikamvamia. Kapuku. Anatafuta kiki. Kanunue simu ya kitochi. Watu ambao nao wana simu za waranti mfukoni, nao kesho yatawakuta, wanamtukana mtu anayewapigania. Dada staa akaliona, akapiga kimya. Duka likaona, likafuta ile komenti. Kufuta ni rahisi kuliko kuitengeneza simu.

Lakini na wanunuzi nao waambiwe ukweli. Mnapenda vya kuokota. Mtu anapunguziwa elfu ishirini ili asipewe risiti, anachekelea. Ile risiti ya EFD siyo ya TRA peke yao, ni ushahidi wako wa tarehe, duka na bei. Bila hiyo hata kituo chenye roho nzuri hakijui waranti yako ilianza lini. Wengine simu ikigoma tu, mbio kwa fundi wa chini ya mwavuli, inafunguliwa, muhuri wa ndani unachanwa, halafu ndiyo wanakumbuka kuna waranti. Hapo umeshaiua mwenyewe. Na wale wa kuagiza Dubai kupitia mshikaji, jueni mnanunua bei, hamnunui waranti. Ni sawa tu, ili mradi uwe umeamua hivyo kwa akili yako.

Binti huyu hakufanya hata kosa moja kati ya hayo. Alifanya kila kitu ambacho watu wanaambiwa wafanye. Ndiyo maana kisa chake kinaudhi.

Kwa aliyekwama kama yeye, usiondoke kaunta na maneno matupu. Waambie waingize IMEI mbele yako. Wakikataa, omba wakuandikie kwa nini wamekataa, weka jina la aliyekuhudumia na tarehe. Utashangaa, wengi wakiambiwa waandike wanaanza kulegea. Piga picha kadi, risiti na simu yenyewe. Peleka malalamiko kwa kampuni iliyotengeneza, siyo kwa duka tu. Ikishindikana, Tume ya Ushindani, FCC, ipo kwa ajili ya mlaji pia. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 haikuishia kwa muuzaji. Ina sehemu inayozungumzia wajibu wa mtengenezaji. Watu wanadhani FCC kazi yake ni kuchoma bidhaa feki kwenye taarifa ya habari tu.

Ila ukweli mchungu, watu wachache wana muda huo. Mtu anayeishi kwa kazi ya siku hawezi kuhamia kwenye maofisa. Na maduka yanalijua hilo vizuri sana. Wanakukataa wakijua utachoka kabla yao.

Binti wa Mbagala alichoka. Alikuwa na harusi mbili mwezi ule, namba za wateja na picha zote za kazi zimo ndani ya simu. Akampa fundi wa mtaani shilingi 180,000, ikawaka siku tisa, ikazima mazima. Harusi moja ikamponyoka. Pesa ya kununulia simu aliikopa kikoba, na mpaka leo anapeleka marejesho kila Jumamosi kwa ajili ya simu iliyolala kwenye droo. Waranti yake kwenye kadi bado ina miezi, ila sasa wana sababu halali ya kumkataa: imefunguliwa. Walimsukuma kwa fundi, kisha fundi ndiyo kosa lake.

Kwa hiyo kwenu wenye duka, chagueni. Kama ninyi ni kituo cha kampuni, pokeeni simu za kampuni, awe kanunua Mwanza, Mbeya au Kigoma, awe na wafuasi milioni au hana hata mmoja. Kama ninyi ni duka la kawaida la kuuza na kuaga, hakuna ubaya, maduka yapo mengi. Lakini panda ngazi, bandua ile stika mlangoni, na mwiteni dada staa mpige picha nyingine wakati inabanduliwa.

Je mdau, ushawahi kuambiwa "hukununua kwetu"? Ilikuwa simu, laptopu, tivii au friji? Dondosha kisa chako hapo chini, na chako hakitafutwa.